Mkono umevimba kwa mpira wa kusafishia damu: puto liletwe Kusini au tuanze na fistula ya mkononi?

Wa Shangani: Mama yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mpira umepita chini ya mtulinga wa kulia. Tangu Ramadhani mkono umevimba, mishipa imechomoza kifuani. Wanasema mshipa mkuu umebana, aende Dar ukapanuliwe kwa puto. Zaidi ya kilomita 500 na mkono ule! Huduma hii iletwe Mtwara.

Nesi Mstaafu Lindi: Pole mwanangu. Ila puto halimalizi, mshipa hubana tena, wengi hurudia ndani ya mwaka. Kovu linalobana mshipa linaletwa na mpira wenyewe unaosugua ukuta wa mshipa moyo ukidunda, na chini ya mtulinga ni pabaya kuliko shingoni. Pesa iende kwenye fistula za mapema, yaani kuunganisha ateri na vena mkononi kwa upasuaji ili mashine ichukue damu hapo badala ya kwenye mpira. Shida watu wa huku mnakimbia kisu mpaka maji yafike shingoni.

Wa Shangani: Bibi, hapo umenichoma. Mama hakukimbia kisu. Hakuna aliyemtajia fistula hata siku moja.

Newala Juu: "Watu wa huku" ndio nani? Mei 2024, Kimbunga Hidaya, barabara imekatika Somanga, tulikimbia kisu au tulikosa njia? Mtu anangoja mnada wa korosho apate nauli.

Mkulima Nachingwea: Korosho msiisingizie. Hela ikiingia inaishia kwenye unyago na jando, mgonjwa yuko ndani.

Bint Mikindani: Unyago umeingiaje hapa? Mimi nilichezwa na wanangu watachezwa. Michango ileile ya ngoma ndiyo iliyomlipia shangazi yangu nauli ya Dar, kaka.

Mkulima Nachingwea: Wa kwenu mmoja, dada. Kwetu nimezika wawili.

Newala Juu: Pole kwa misiba. Bado si kosa la ngoma.

Nesi Mstaafu Lindi: Neno la kisu nililisema mimi. Wa Shangani, naomba radhi kwa mama. Ila shikeni hili: mshipa uliobana bila dalili usiguswe, ukichokozwa unaweza kubana haraka zaidi. Na fistula isiwekwe mkono huohuo mshipa ukiwa bado umebana. Damu nyingi ikikuta njia finyu, uvimbe unazidi.

Wa Shangani: Nimekusamehe, bibi. Wa mama una dalili zote, jana pete imebidi ikatwe. Tunaondoka Alhamisi alfajiri, na siku yake ya mashine ni Ijumaa. Nani anajua kama wanaweza kumsafisha hukohuko kabla ya puto?