Trilioni moja za mikopo ya simu: benki inanenepa au sisi tunakonda?

Mizania
Wadau salaam. Kila robo ya mwaka benki ya NCBA ya Kenya ikitoa hesabu zake, kuna watu humu hupiga vigelegele utadhani na wao wametajwa. Kwa mwaka 2024 walitangaza mikopo ya simu imevuka shilingi trilioni moja ya Kenya, humo mna M-Shwari (mkopo wa siku 30 kwenye M-Pesa), Fuliza (inakujazia hela ya M-Pesa ikipungua, kisha inajikata hela ikiingia) na ndugu zao wa nchi jirani. 2023 ilikuwa kama bilioni 930. Sasa tazama faida baada ya kodi: bilioni 21.5 mwaka 2023, bilioni 21.9 mwaka 2024. Mikopo imeruka, faida imejikongoja. Swali langu ni moja tu: robo zinazokuja mtambo huu bado una pumzi? Hoja kwa hoja, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Hisa_Moja
Gawio la 2024, yaani faida tunayogawiwa wenye hisa, lilikuwa shilingi 5.50 kwa hisa. Mimi nimeshakula, nasubiri jingine. Wanaolia na Fuliza wangenunua hisa badala ya kukopa. Na tuambiane ukweli, mtu anayekopa mia tisa ya unga hana biashara huyo, ana mazoea.

Kalamu_Nyekundu
Mleta mada, hiyo trilioni usiitazame kama deni. Ni jumla ya kila mkopo uliotoka mwaka mzima. Nikikopa 1,000 asubuhi nikalipa jioni, kesho tena, keshokutwa tena, kwa siku 26 za kazi nimehesabiwa 26,000. Lakini mfukoni mwa benki haijawahi kutoka zaidi ya 1,000 kwa wakati mmoja. Mali zote za NCBA mwisho wa 2024 hazikufika bilioni 700, wangetoa wapi trilioni? Ni shilingi ileile inazunguka kama daladala, ikishusha inapakia. Kwa hiyo anayetaka kujua mtambo una pumzi asome mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, na fungu lililotengwa kwa ajili yake, asisome trilioni.

Mahamri_ya_Likoni
Hisa_Moja, hilo la unga umenilenga mimi ingawa hunijui. Nauza mahamri na mbaazi mwaka wa kumi na moja huu. Saa tatu usiku nalipa till (namba ya malipo) ya duka kwa Fuliza: unga, sukari, nazi mbili, hiliki kidogo. Mia tisa. Saa kumi alfajiri niko jikoni, saa kumi na mbili watu wa feri wananisubiri. Kila anayelipa kwa simu, hela inaingia na deni linajilamba lenyewe, kufikia saa nne sina deni. Nimekatwa asilimia moja, shilingi tisa na kodi yake juu. Shilingi tisa! Sijafika hata bei ya hamri moja. Nionyeshe benki yako itakayonipa mia tisa saa tatu usiku bila kuniuliza hati ya shamba la babu.

Tandale_Kwetu
Mama kamaliza. Mada ifungwe.

Hisa_Moja
Sijamtukana mtu. Nauliza tu, miaka kumi na moja na bado hujajiwekea mia tisa yako mwenyewe? Hapo ndipo penye mazoea.

Mahamri_ya_Likoni
Naweka, mwanangu. Ada ya shule huichukua. Wewe watoto wako wanasoma kwa gawio?

Msema_Kweli_Mnyonge
Mimi nimeshasema, mwanamume anayefuliza hela ya chakula asioe. Mahari atafuliza pia?

Binti_wa_Kisauni
Na wewe unayejua mambo ya mahari ulilipa ngapi na ulimaliza lini? Maana mpo wengi mmetoa nusu, nusu nyingine ni "tutaongea".

Msema_Kweli_Mnyonge
Usinichokoze Binti. Yangu nilimaliza, hata kanga za mabibi nilipeleka.

Tandale_Kwetu
Kanga ngapi? 😂

*(Hapa zimepita kurasa mbili za mahari, kanga na shemeji wa mtu aliyekimbia na spika za ukumbini. Nimeziruka. Mizania.)*

Mizania
Jamani. Mtambo. Pumzi. Robo ya mwaka. Turudi.

Bara_na_Pwani
Turudi ila kwanza nirekebishe Kiswahili. Watu mnasema "nimefuliza" kama vile maana yake ni kukopa. Kufuliza ni kufanya jambo bila kukoma, ndiyo mfululizo huo. Walioibatiza huduma mwaka 2019 walijua wanachofanya: muamala usikatike. Sisi wakopaji ndio tumelichukua jina kwa maana yake kamili, tunakopa bila kukoma.

Tandale_Kwetu
Huku kwetu Tanzania ya Vodacom inaitwa Songesha. Angalau sisi tunasogea, nyie mnarudia.

Bara_na_Pwani
Kusongesha siku si kusogea, ndugu. Ni kuisukuma ipite.

Kalamu_Nyekundu
Bara_na_Pwani utani wako una hoja ndani. Biashara hii inaishi kwa kurudia. Mama wa Likoni analipa 1% lakini kila siku ya Mungu. Fanya hesabu ya mwaka uone anachoacha kwa kila mia tisa. Ndiyo maana nasema neno "ada" limewaokoa sana hawa. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilikuja na 7.5% kwa siku 30. Zidisha mara 12, ni 90% kwa mwaka. Ikaja sheria ya kikomo cha riba mwaka 2016, mabenki yakabanwa hadi ilipofutwa 2019, na 7.5% ikabaki palepale kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa ada, si riba.

Hisa_Moja
Kuzidisha mara 12 ni hesabu ya walalamishi. Nani anakaa na M-Shwari mwaka mzima? Teksi ya kilomita tatu huwezi kuipigia bei ya kwenda Kampala halafu ukasema dereva mwizi.

Kalamu_Nyekundu
Kama abiria anapanda teksi hiyo kila siku mwaka mzima, kilomita zake zimeshafika Kampala na kurudi. Mfano mzuri, asante.

Hisa_Moja
Wewe mwalimu mbona huna hisa hata moja? Wivu ukivaa miwani hujiita uchambuzi.

Kalamu_Nyekundu
Umejuaje kuwa ni mwalimu?

Binti_wa_Kisauni
Sote tunajua 😂 unasahihisha hadi koma za watu.

Mzee_Kobe
Vijana, suala hili lilikwisha kuwa la siasa tangu Septemba 2022. Rais Ruto hajamaliza mwezi Ikulu, Safaricom wenye M-Pesa na mabenki yake mawili, NCBA na KCB, wakatangaza kupunguza ada za Fuliza. Anayekopa elfu moja kushuka chini akapewa siku tatu za kwanza bila ada ya kila siku. Novemba 30 ukaja Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, kwa 8% ya mwaka. Ndiyo maana nasema robo zijazo haziamuliwi na mkurugenzi wa benki, zinaamuliwa na mwanasiasa anayetafuta kura za mama mboga. Na uchaguzi wa 2027 unabisha hodi.

Msema_Kweli_Mnyonge
Benki ambayo familia ya Kenyatta ina hisa ndani yake, halafu unasema wanasiasa WANAKUJA? Walitoka lini?

Mzee_Kobe
Kuwa na hisa si kuiendesha. Hata mahari yako ukoo mzima ulichanga, ulioa wewe.

Mahamri_ya_Likoni
Mzee Kobe kasema la maana kuhusu siku tatu. Mnaotaka ada ipigwe marufuku, mjue benki ikiona hailipi itanipunguzia kiwango. Mwaka juzi kampuni moja ya mikopo ya simu, siitaji, ilinishusha kutoka elfu tano hadi mia mbili usiku mmoja, na sijawahi kuchelewa. Hakuna aliyenipigia. Nilijua nikiwa dukani, unga umeshapimwa. Hilo la kushushwa mbona hamlijadili? Mnajadili asilimia tu.

Kalamu_Nyekundu
Mama, hilo ndilo lililo ndani ya swali la mleta mada. Mikopo chechefu ya mabenki ya Kenya kwa ujumla ilipita 16% mwaka 2024. Benki ikiogopa, haiongezi ada, inapunguza viwango kimyakimya. Kwenye hesabu za robo itaandikwa "tumekuwa waangalifu". Kwako ni unga uliobaki kaunta.

Hisa_Moja
Na hapo ndipo gawio langu linapolindwa. Samahani mama, lakini ndivyo ilivyo.

Mahamri_ya_Likoni
Sijakasirika. Nimekuelewa kuliko ulivyonielewa.

Tandale_Kwetu
Mimi nauliza la maana: mama hamri moja shilingi ngapi? Nakuja Mombasa mwezi ujao.

Mahamri_ya_Likoni
Shilingi kumi, mbaazi mbali. Ukija mapema.

Hisa_Moja
Kumi?? Si ulisema shilingi tisa haifiki bei ya hamri? Shilingi moja tofauti! Ukijumlisha na kodi mbona umeshaipita!

Binti_wa_Kisauni
Mtu wa gawio 5.50 anahesabu shilingi moja ya mama 😂😂

Mizania
Kwa hiyo hakuna aliyejibu kama robo ijayo ninunue au nisinunue.

Msema_Kweli_Mnyonge
Nunua mahamri. Na Binti, zile kanga zilikuwa doti sita, kama bado unataka kujua.