Mabwana afya warudi kukagua nyumba kwa nyumba? Wana Moshi tujadili

Mzawa wa Njoro
Wakuu, habari za jioni. Juzi kwenye kikao cha mtaa mtu alitoa hoja kwamba mabwana afya warudi kukagua nyumba kwa nyumba kama miaka ya 1950, na anayekutwa na uchafu alipe faini papo hapo. Tulibishana mpaka giza likaingia, tukatawanyika bila jibu. Mimi naunga mkono. Moshi inasifika nchi nzima kwa usafi, lakini usafi huo ni wa barabarani na stendi. Ingia uani masika hii uone madimbwi. Marehemu baba alikuwa akisimulia: bwana afya anakuja na baiskeli, kaptula ya kaki, anachota maji ya pipani kwa kikombe cheupe, anakiinua juani. Akiona viluwiluwi vya mbu, pipa linamwagwa na faini juu. Chooni anaingia mwenyewe. Buchani, nyama isiyo na muhuri haiuzwi. Watu waliogopa, mji ukawa safi. Anayepinga aseme sababu.

Mama Wawili, Majengo
Napinga mimi. Umemleta baba yako, nami namleta bibi yangu. Lile pipa lililomwagwa lilikuwa lake. Maji yale aliyateka bomba la pamoja kabla ya alfajiri, safari nne, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Bwana afya alilipindua kwa mguu, akaandika karatasi, akaenda zake. Hakuuliza kwa nini mtaa mzima unagombania bomba moja, na kule Shanty Town kwa Wazungu kila nyumba ina la kwake. Hospitali nazo zilikuwa hivyo hivyo, wodi ya Mzungu mbali, ya Mhindi mbali, ya Mwafrika mbali. Ukaguzi ule haukuwa wa kumkinga bibi na mbu. Ulikuwa wa kumkinga Mzungu na mbu wa bibi.

Kijana wa Pasua
Dada, yote sawa, lakini malaria ilishuka au haikushuka? Kama 1950 hivi walipuliza DDT, dawa ya kuua mbu, kuanzia Moshi mpaka Same, malaria ikaisha kabisa. Tumeacha, imerudi. Hiyo ndiyo hoja.

Mstaafu wa Maabara
Nyie vijana mnaleta vitu mlivyosoma nusu. Haikuwa DDT, ilikuwa dieldrini, dawa nyingine ya wadudu. Haikuwa Moshi mjini, ilikuwa Upareni na Taveta ng'ambo ya mpaka. Mradi ulianza 1954 ukaisha 1959, na wataalamu wa taasisi ya malaria ya Amani kule Tanga walikuwamo. Walipuliza kuta za ndani kwa sababu mbu akishiba damu hutua ukutani kupumzika, na hapo ndipo anapokutana na dawa. Malaria ilishuka sana, kweli, ila haikuisha. Dawa iliposimamishwa mbu walirudi taratibu.

Kijana wa Pasua
Mzee shikamoo, lakini mimi si kijana wa kusoma nusu. Nina miaka 41 na watoto watatu, hilo jina nimejiita tu. Ungeweza kunisahihisha bila kunidharau.

Chalii wa Ngarenaro
Nyie watu wa Moshi kila mada lazima mjisifie usafi. Mji wenu mdogo, una mteremko, mvua yenyewe inaufagia. Njooni Arusha, watu wanaingia kila siku kutafuta riziki, muone kazi ya usafi ilivyo. Na faini siyo dawa. Mwenye nacho atalipa aendelee kutupa, asiye nacho atatupa usiku.

Mzawa wa Njoro
Mtu anayetoka mji ambao hata meno ya watu ni ya kahawia anifundishe usafi mimi?

Chalii wa Ngarenaro
Hapo umevuka mpaka, kaka. Nimejadili hoja, umenirudishia mdomo wangu. Mimi hayo meno ninayo. Shule ya bweni niliitwa mvuta sigara na mwalimu mbele ya darasa zima, nina miaka kumi na mitatu. Picha yangu ya harusi nimefunga mdomo. Napiga mswaki kuliko wewe. Ni maji, siyo uchafu, na mtu aliyezaliwa Kaskazini anajua hilo. Futa hayo maneno.

Kijana wa Pasua
Mzawa, hiyo kweli umekosea.

Mama wa Maji ya Chai
Naomba niseme kwa sababu hili ni letu. Mlima Meru ni wa volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake yanabeba floraidi. Mto wetu una rangi ya chai ndiyo maana pakaitwa hivi. Ukiyaangalia ndani ya glasi unaweza kuyapenda. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi miaka mingi kiwango cha taifa kiliruhusu mpaka 4. Mtoto akinywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka tayari na madoa. Hakuna mswaki wa kuyaondoa. Yakizidi sana yanaingia kwenye mifupa, magoti yanapinda, mgongo unakakamaa. Mwanangu wa kwanza ana matege.

Na kuchemsha hakusaidii. Nilichemsha miaka nikidhani namlinda. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo nilikuwa namkolezea. Na magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka yana floraidi pia. Hayo sikuambiwa na yeyote aliyekuja nyumbani kwangu kukagua. Walioniambia ni wa kituo cha Ngurdoto, wanaochuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa.

Na wewe Mzawa, usidhani ni Arusha peke yake. Upande wenu wa Hai kwenye tambarare wanayajua hayo maji. Ninyi wa mjini mmebahatika kunywa chemchemi za Nsere na Shiri.

Mzawa wa Njoro
Chalii, kuhusu meno nimekosa, nayafuta. Nilichomwa na hayo ya kujisifia. Lakini mama amenisaidia bila kujua. Angekuwepo bwana afya wa kupita nyumbani kwake, angemwambia mapema kuhusu kuchemsha.

Mama Wawili, Majengo
Angemwambia, au angemwandikia faini? Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni, watu wakakaa vikundi kijijini, wakasoma vijitabu, wakachimba vyoo kwa mikono yao. Pipa la mtu halikumwagwa. Mimi nataka wa namna hiyo aje kwangu hata kila wiki, nitampikia chai.

Mstaafu wa Maabara
Kijana wa Pasua, nimekusikia, samahani baba. Sasa nisikilizeni. Mnabishana mkoloni na meno, mnaruka katikati. Mwaka 1972 yalikuja Madaraka Mikoani, mpango wa serikali wa kupeleka kazi zake mikoani, halmashauri zikavunjwa, za miji nazo zikaenda. Taka, mitaro na vyoo vya mjini vikakosa mwenyewe. Mwishoni mwa miaka hiyo kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Nilikuwa kazini. Nakumbuka harufu ya klorini mikononi mpaka kitandani. Bwana afya wa 1950 nyuma yake kulikuwa na watu: mzoa taka, mfyekaji, mtu wa kumwaga oili kwenye madimbwi, karani wa kuandika nani kapimwa na lini. Faini ilikuwa mkia wa kazi. Ninyi mnataka mkia bila ng'ombe. Hapo Njoro gari la taka linapita mara ngapi?

Kijana wa Pasua
Haina neno mzee wangu, yameisha.

Mzawa wa Njoro
Linapita likipenda, mzee. Lakini hata gari lisipopita, pipa la maji unaweza kulifunika mwenyewe. Hapo sirudi nyuma.

Mama Wawili, Majengo
Kwa mfuniko gani? Bibi alifunikia ungo, upepo ukaupeperusha, wakasema pipa liko wazi.

Chalii wa Ngarenaro
Mzawa, nimepokea. Mama wa Maji ya Chai, samahani nikutoe kwenye mada, nina binti wa miaka mitatu. Huo mchujo wa mifupa unadumu muda gani kabla ya kubadilisha? Jirani yangu anao mwaka wa pili, anasema maji bado matamu.

Mama wa Maji ya Chai
Mwambie aache kunywa mpaka ayapime. Utamu hausemi kitu, hata rangi haisemi. Mifupa ikishiba floraidi, maji yanapita vilevile, meupe vilevile, kama hayakuchujwa. Muda unategemea maji yenyewe na mnachota kiasi gani kwa siku. Jaza chupa safi, andika tarehe na umeteka wapi, yapelekwe maabara. Kwa miaka mitatu bado hujachelewa, meno yake ya ukubwani yapo ndani. Maji yake ya kunywa na ya uji yatenge kuanzia leo, tafuta ya mvua kama una bati na tangi. Na magadi usimtilie.

Chalii wa Ngarenaro
Asante mama. Chupa naijaza kesho asubuhi.