Tupeane uzoefu: ni kitu gani kilikugusa katika makumbusho ya binadamu wa kale?

Ndugu zangu, juma lililopita nilikwenda Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, pamoja na mama yangu mzazi, na tangu nirudi ninatamani kusikia habari za wenzangu. Katika makumbusho yaliyo ukingoni mwa bonde kuna nakala ya nyayo za binadamu wa kale zilizopatikana Laetoli, zilizokanyagwa katika majivu mabichi ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Mama, ambaye amelima peku sehemu kubwa ya maisha yake, aliinama, akatazama jinsi kisigino kilivyozama na kidole gumba kilivyolala sambamba na vingine, kisha akasema, "Huyu alikuwa hana haraka." Nilizisoma nyayo hizo tangu shule ya msingi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba aliyeziacha alikuwa na mahali anakokwenda.

Mwalimu wa Iringa:
Ahsante kwa kutufungulia mazungumzo. Niliwapeleka wanafunzi wangu Isimila, ambako mashoka ya mkono ya mawe yametapakaa katika korongo. Mtembezaji alimruhusu mtoto mmoja kushika shoka. Akaligeuzageuza mpaka kidole gumba kikatua penyewe mahali palipochongwa, naye akanyamaza kabisa. Darasani huwa natumia kipindi kizima kueleza kwamba zana zile zilichongwa kwa makusudi. Pale sikuhitaji kueleza lolote.

Mjukuu wa Bibi:
Mimi fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lilinigusa, lile ambalo mtafiti Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini akiugua. Magego yake ni mapana mno, na ukiyatazama kwa karibu unaelewa kwamba kiumbe huyu alitafuna sana maisha yake yote. Lakini naomba niseme na linaloniuma. Katika makumbusho fulani, ambayo sitayataja, maelezo yote niliyoyakuta yalikuwa ya Kiingereza, ilhali bibi yangu, aliyesafiri kwa basi tangu alfajiri ili ayaone, hasomi lugha hiyo. Historia hii imechimbwa katika ardhi yetu, na watu wazima wa rika lake wanastahili kuisoma wenyewe. Nilimtafsiria kibao kimoja baada ya kingine, naye akauliza maswali mengi mazuri, hata mlango ulipofungwa tulikuwa tumemaliza ukuta mmoja tu.