Tupeane uzoefu: Mliotoka gerezani mkaingia kwenye maigizo, akili ilitulia au ilivurugika zaidi?

Mlango Wazi (Mwanza):
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za siku. Ningependa sisi tuliowahi kutumikia kifungo, na baada ya kurudi uraiani tukajikuta katika vikundi vya maigizo, tuelezane bila kuoneana haya jinsi kuigiza kulivyotugusa akilini. Mimi nilihukumiwa miaka 9, nikatumikia 6 baada ya punguzo la theluthi, nikatoka na mwili wenye afya. Usingizi ndio uliobaki ndani. Kila alfajiri niliamka saa ileile ya kuhesabiwa, nikakaa kitandani nimejikunyata. Shemeji yangu aliwahi kunikuta nimesimama mbele ya mlango wa chumba changu mwenyewe, ambao haukufungwa, nikingoja mtu aje anifungulie.

Rafiki wa marehemu baba alinipeleka kwenye kikundi kinachozunguka vijijini na igizo la migogoro ya mashamba. Nilitarajia kupewa nafasi ya mwizi, kwa kuwa historia yangu ilijulikana, lakini nikapewa nafasi ya mzee wa baraza la kata, ambaye kazi yake yote katika igizo ni kusikiliza pande mbili kisha kuamua. Hapo ndipo nilipokwama. Maneno niliyajua, ila kila mwongozaji alipouliza, "Mzee, unaamuaje?", ulimi uligoma, kwani kwa miaka 6 sikuwa nimeamua hata saa ya kula. Wenzangu walisubiri siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, na hakuna aliyenisemea. Siku nilipotamka kwamba shamba ni la mjane, nilitoka nje nikalia. Tulipoigiza mara ya kwanza mbele ya wanakijiji na kicheko kikapasuka, nilidhani wananicheka mimi mfungwa. Kumbe walikuwa wakimcheka mzee kwa kofia yake iliyomzidi kichwa. Sijui nieleze vipi raha ya kuchekwa kwa kosa la mtu mwingine. Usingizi bado haujatengemaa, lakini saa ile ya alfajiri siku hizi naitumia kupitia maneno ya mzee.

Kobe wa Mtoni (Nairobi):
Yangu yalikwenda upande mwingine, na naomba yasikike pia. Shirika moja ambalo sitalitaja lilinichukua miezi miwili tu baada ya kutoka jela, likanipeleka shule baada ya shule niigize kisa changu mwenyewe: nilivyoingia kwenye genge, nilivyokamatwa, nilivyovuliwa nguo siku ya kwanza gerezani. Wanafunzi walinyamaza, walimu walifuta machozi, nami nikapewa nauli na chai. Muhula ulipokwisha nilikuwa nimekamatwa zaidi ya mara thelathini, maana mwili wangu haukujua kwamba pingu zile ni za maigizo. Nilirudi kwenye pombe. Nilipoomba nipewe walau nafasi ya polisi, niliambiwa hakuna amjuaye mwizi kama mimi.

Muuguzi wa Zamu (Dodoma):
Kaka Kobe, pole sana. Nafanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili, na ulichokieleza nimekisikia kwa wengine. Mtu mwenye kiwewe akirudishwa mara kwa mara kwenye tukio lililomuumiza, bila mtu wa kukaa naye kabla na baada, kidonda hufukuliwa upya kila siku. Wanaotumia maigizo kama tiba huanzia mbali: hadithi ya sungura na fisi, mhusika wa kubuni, mtu wa umri au kazi isiyofanana na yako. Kile kinachokuuma hujitokeza chenyewe kupitia mhusika huyo, kama alivyojitokeza mzee wa baraza kwa ndugu yetu wa Mwanza, na wewe unabaki na pa kujificha ukihitaji. Mazoezi yakiisha, huwapo muda wa kujivua uhusika: mwigizaji huvua kofia au khanga ya mhusika, hujikung'uta mikono, hutaja jina lake halisi, na husema jambo moja linalomtofautisha na yule aliyemwigiza. Ni dakika chache tu, na ndizo zinazorukwa gari la kurudi mjini linapopiga honi.

Nitaongeza jambo moja. Augusto Boal wa Brazili, ambaye utawala wa kijeshi ulimkamata na kumtesa mwaka 1971 kabla hajaenda uhamishoni, alikuza aina ya maigizo ambamo mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha igizo, kupanda jukwaani na kujaribu njia nyingine. Katika shule ulizozunguka, mwanafunzi mmoja angeweza kuinuka pale genge linapokuita, akashika nafasi yako na kukataa. Kisa chako walikipa mwisho mmoja tu, nawe ukaubeba mara thelathini. Kwa wote: mtu akikosa usingizi kwa majuma, au akiwaza kujidhuru, aende hospitali; maigizo na dawa havigombani.

Nyapara Mstaafu (Morogoro):
Mimi nashikilia hapo kwenye nauli na chai. Katika gereza la Sing Sing, jimbo la New York, ulianza mwaka 1996 mradi wa maigizo ambao baadaye ulitengenezewa filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Wengi wa waigizaji wake walipitia mradi huo wakiwa wafungwa, kadhaa wakiigiza nafsi zao wenyewe, na wote, pamoja na nyota wa filamu, walilipwa kwa kiwango kimoja na kupewa sehemu ya umiliki. Kwa hiyo sikubali kwamba kuigiza maisha yako ni kosa. Kosa ni mwenye kisa kulipwa chai.

Binti wa Pwani (Tanga):
Mama alinikataza katakata. Alisema majirani wamechoka kusikia kwamba nilifungwa, na sasa nataka kuwakumbusha kwa ngoma. Nilikwenda kwa siri, na siri hiyo nayo ikawa mzigo mwingine kichwani.

Dada wa Mbali (London):
Hapa Uingereza kipo kikundi kiitwacho Clean Break, kilichoanzishwa mwaka 1979 na wanawake wawili waliokuwa wafungwa. Sikupitia kwao, ila kikundi kidogo nilichojiunga nacho kilikuwa cha wanawake watupu vilevile, na kwangu hilo lilikuwa nusu ya tiba. Nilifungwa miezi 18 katika nchi ambayo lugha yake naiongea kwa woga. Siku moja mwongozaji aliniomba niseme maneno ya mama mwenye kumtafuta mwanawe kwa lugha yangu, hata kama hakuna atakayeelewa. Nilisema kwa Kiswahili kwa sauti ambayo sikuisikia tangu siku ya hukumu.

Shida yetu ilikuja baadaye. Fedha za mradi ziliisha, tukafanya onyesho, tukapigiwa makofi, tukaagana. Jumatano iliyofuata nilivaa viatu, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna mazoezi. Miezi mitatu baada ya makofi yale ilikuwa mibaya kuliko miezi mitatu kabla yake, na hakuna aliyetuonya.

Mlango Wazi (Mwanza):
Dada, hilo la Jumatano limenigusa. Sisi hukutana kila Alhamisi hata pasipo na onyesho wala posho, tukapika uji na kusimuliana. Nilidhani ni uvivu wa kikundi, leo nimeelewa. Binti wa Pwani, mlete mama siku moja akuone ukiigiza mtu mwingine kabisa, huenda akacheka kama walivyocheka wale wa kijijini kwetu.

Kobe wa Mtoni (Nairobi):
Muuguzi, asante; nimeyasoma maneno yako mara mbili. Kuna kikundi cha vijana wa kanisa mtaani kwetu wanaotafuta mtu wa kuigiza daktari wa mifugo. Jana nilikwenda, nikawaambia mapema kwamba niliwahi kufungwa, nikasubiri waniangalie vile watu huniangalia. Wameniuliza tu kama naogopa ng'ombe.