Bloku zibaki nzima au tukate slaidi zote sasa? Natakiwa kuamua wiki hii

Hadubini_Mpya:
Wakuu, habari za kazi. Tuna mradi wa saratani ya matiti na bloku za parafini (tishu za wagonjwa zilizozamishwa ndani ya nta) za kutosha. Mkataji wetu mzoefu anaondoka mwisho wa mwezi. Njia ninazoziona ni mbili: akate slaidi zote (vipande vyembamba vya tishu juu ya kioo) kabla hajaondoka tuziweke hadi tutakapozitia rangi, au bloku zikae zilivyo tukate kadiri tunavyohitaji. Tukikata zote, ziwekwe kabatini, kwenye friji au kwenye friza? Mwingine kaniambia nizichovye kwenye parafini. Ipi bora?

Mama_Slaidi:
Bora kwa kazi gani? Hujasema mnatafuta alama (protini za seli) zipi, bloku zina umri gani, tishu zilikaa saa ngapi kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu), wala rangi mtatia lini. Kama ni hematoksilini na eosini tu, zile rangi za kawaida za kuonyesha umbo la seli, kata leo uweke kabatini ulale usingizi, rangi ile haina makuu. Kama ni kingamwili, yaani protini zinazonasa alama mnayoitafuta, hapo tuzungumze.

Nyuzi_Hasi80:
Shida yote hii chanzo chake ni fomalini. Tishu ikitoka kwa daktari wa upasuaji, igandishwe papo hapo kwenye kioevu cha isopenteni kilichopozwa kwa naitrojeni kimiminika, kisha iingie friza ya nyuzi -80. Protini zinabaki zilivyo, RNA inabaki, hakuna kuchemsha slaidi ili kufungua antijeni, yaani sehemu ambayo kingamwili hushika. Watu wanaogopa gharama tu.

Mama_Slaidi:
@Nyuzi_Hasi80 mwenzako ana bloku mkononi, wewe unamshauri arudi chumba cha upasuaji. Tena tishu iliyogandishwa vibaya inajaa matobo ya barafu, umbo la seli huwezi kulisoma. Kwa RNA nakubaliana nawe. Kwa kazi hii, hapana.

Hadubini_Mpya:
Samahani wakuu. Alama ni ER na PR (vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni), HER2 (kipokezi cha ukuaji wa seli) na Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika). Kingamwili mbili tunazo, nyingine zitachelewa miezi kadhaa. Bloku nyingine ni za zamani, nyingine za juzi.

Mzee_wa_Maikrotomu:
Hapo kwenye "miezi kadhaa" ndipo penye moto. Ngoja nikusimulie.

Maabara moja niliyopitia, kiongozi wa mradi aliamuru bloku zote zikatwe kwa mkupuo. Nusu ya slaidi zilitiwa rangi wiki ileile. Nusu nyingine ziliwekwa kwenye boksi, boksi likakaa rafu ya juu karibu na oveni, zikasubiri pesa muda mrefu sana. Zilipokuja kutiwa rangi, wagonjwa wa kundi la pili wote Ki-67 iko chini, na ER imefifia. Kwa kuwa kundi la pili walikuwa na umri mkubwa zaidi, watu wakaanza kujenga nadharia. Vikao, michoro, rasimu ya makala ikaanza kuandikwa.

Aliyekuwa akitia rangi alilalamika tangu mwanzo, hakusikilizwa kwa sababu kontroli (slaidi ya kuhakiki kama rangi imeshika) ilikuwa inatoka safi kila mara. Lakini kontroli ilikuwa inakatwa upya kila asubuhi! Slaidi za wagonjwa zimezeeka, kontroli mbichi, sasa itakuonyesha nini? Hatimaye mtu akarudi kwenye bloku zilezile, akakata upya, rangi ikarudi. Nadharia ikazikwa kimyakimya. Tangu siku ile mimi sikati slaidi ambayo haina kazi ya wiki hiyo.

Takwimu_Tu:
Kisa cha Mzee kina somo jingine. Slaidi zote zikizeeka sawa, unapoteza nguvu ya rangi lakini makundi bado yanalinganishika. Kundi moja likizeeka kuliko lingine, ndipo unapopata tofauti ambayo haipo mwilini mwa mgonjwa. Andikeni tarehe ya kukata kila slaidi, na mpangilio wa kutia rangi uchanganywe kwa bahati nasibu. Kumbukeni pia kiwango cha ER kuitwa chanya ni 1% ya seli. Uvimbe wenye ER nyingi ukififia kidogo bado ni chanya. Ule ulio pale mpakani ndio unaogeuka hasi.

Mama_Slaidi:
Sahihi. Mwongozo wa ASCO na CAP (vyama vya Marekani vya madaktari wa saratani na wa patholojia) ulishauri slaidi iliyokatwa zaidi ya wiki 6 isitumike kupima vipokezi hivi. Antijeni za kwenye kiini cha seli ndizo zinazoonewa zaidi. HER2 iko kwenye utando, kwa kawaida inavumilia kuliko Ki-67.

Kijana_wa_PCR:
Ila mnasahau upande wa pili. Kila bloku inaporudi kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia, lazima uisawazishe upya, na vipande vya mwanzo vinaenda kwenye takataka. Kwa sampuli ya sindano yenye tishu kiduchu, safari tatu za hivyo uvimbe umekwisha. Kwa hizo mimi ningekata zote mara moja, maikromita 4, niziweke baridini.

Mzee_wa_Maikrotomu:
Hilo siwezi kulipinga. Sampuli ndogo zina sheria zake.

Hadubini_Mpya:
Na kuchovya kwenye parafini?

Kijana_wa_PCR:
Tulifanya hivyo, inasaidia. Unazuia hewa.

Mama_Slaidi:
Inasaidia wengine, wengine haiwasaidii chochote. Adui si hewa peke yake, ni maji. Unyevu wa chumbani, na mbaya zaidi, maji yaliyobaki ndani ya tishu kwa sababu alkoholi haikuyatoa yote wakati wa kuandaa bloku. Ukichovya slaidi yenye maji ndani, umemfungia mwizi ndani ya nyumba. Nyuzi 4 au -20, boksi limefungwa vizuri, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, na ukilitoa usilifungue mpaka lipate joto la chumba, la sivyo umande unatua juu ya tishu.

Nyuzi_Hasi80:
Na friza isiwe zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe, joto lake linapanda na kushuka.

Mama_Slaidi:
Leo tumekubaliana, andikeni tarehe. Hadubini_Mpya, saa za fomalini bado hujajibu.

Kijana_wa_PCR:
Inatakiwa ziwe saa kati ya 6 na 48.

Takwimu_Tu:
Hiyo 48 ni ya mwongozo wa HER2 wa mwaka 2007. Mwaka 2013 ilisogezwa hadi 72.

Kijana_wa_PCR:
Kwetu bado tunatumia 48.

Takwimu_Tu:
Sijasema ni kosa, nasema mwongozo ulibadilika.

Hadubini_Mpya:
Za juzi zina rekodi ya saa. Za zamani sina uhakika, nitamuuliza mkuu wa mradi. Nafikiria za sindano zikatwe zote, kubwa zisubiri. Ila mkataji mpya hatujampata, kwa hiyo sijui.

Mzee_wa_Maikrotomu:
Mwambie huyo anayeondoka aandike namba kwa penseli. Kuna watu wameandika kwa kalamu ya wino, zailini, kioevu cha kuyeyushia nta, ikafuta kila kitu.

Kijana_wa_PCR:
Penseli kwa slaidi zote hizo Mzee? Siku hizi kuna mashine za kuchapa lebo.

Mzee_wa_Maikrotomu:
Lebo zako zinabanduka kwenye kuchemsha.

Kijana_wa_PCR:
Inategemea gundi.