Mjadala: Fedha za uhifadhi ziwalipe wanaochora tumbusi kwa kompyuta?

Mleta mada: Tangu mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kabisa kutoweka, na kinachommaliza zaidi huku kwetu ni sumu inayowekwa kwenye mizoga. Baadhi ya wasanii wanamchora kidijitali na kusambaza michoro kwenye simu, nami naona walipwe, kwa sababu picha za kamera humwonyesha daima akiwa na damu shingoni, na sura hiyo haimwombei huruma. Mchoro mmoja nimeuambatanisha.

Binti wa Pwani: Kichwa chekundu hicho ni cha tumbusi wa Amerika, ambaye na wa kwetu si wa ukoo mmoja. Inaelekea msanii aliiagiza akili mnemba, kisha akatia sahihi yake.

Kalamu Tulivu: Dada, mchoro huo ni wangu, na kila unyoya nimeuvuta kwa mkono. Tazama mdomo mwembamba na manyoya laini yaliyomfunika kisogo kama kofia: huyo ni tumbusi wetu mdogo, ambaye uso wake huiva wekundu anapogombania chakula, naye pia yumo hatarini kabisa. Kabla ya kumwita mtu mwizi, mtazame ndege.

Binti wa Pwani: Nimemtazama. Mbona basi mada inamhusu mgongo-mweupe?

Jirani wa Hifadhi: Mnagombania rangi ya kichwa ilhali wafugaji wanaotega sumu hawana habari na michoro yenu. Hao dawa yao ni jela. Hata India tumbusi walimalizwa na watu wa aina hiyo hiyo.

Mwana wa Boma: “Watu wa aina hiyo” ni sisi, kwa hiyo nitajibu. India tumbusi walikufa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng’ombe, na serikali yao iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Huku kwetu sumu inayotajwa sana ni ya wadudu wa shambani, iliyouzwa dukani mchana kweupe hadi ile iitwayo Furadan ilipoondolewa katika soko la Kenya mwaka 2009. Tena majangili humwagia sumu mzoga wa tembo ili tumbusi wasizunguke angani wakawaonyesha askari mahali pa kwenda. Botswana, mwaka 2019, mizoga ya tembo watatu iliua tumbusi 537. Hapo mfugaji ametajwa wapi?

Jirani wa Hifadhi: Ndugu, sikukutaja wewe. Lakini mfugaji akimtegea fisi aliyemlia mbuzi, tumbusi anayekula mzoga huo hafi nusu kwa kuwa hakukusudiwa, na ndege huyu hutaga yai moja tu.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye swali la fedha.

Mwana wa Boma: Fedha zianze kwenye waya wa mazizi, maana simba asipoingia hakuna wa kulipiziwa kisasi. Zikibaki, mchoraji atuchoree mzoga uliotiwa sumu unavyotambulika, fisi na ndege wakiwa wamelala kando yake, pamoja na namba ya askari wa wanyamapori, ili mzoga uteketezwe kabla kundi jingine halijatua. Tumbusi warembo wapelekewe wenye maduka ya dawa za shambani.

Kalamu Tulivu: Mzee, kazi hiyo naiweza, na ni ngumu kuliko urembo unaoudharau. Ila nimesoma mada yote, na kila mmoja ameshanipangia cha kuchora bila kusema nani atanilipa.