Mashine isiyoijua sw_TZ: zana isimame au iendelee?

Wa Uyole: Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Kompyuta yangu nimeiweka sw_TZ.UTF-8, yaani Kiswahili cha Tanzania. Nikiingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali), mpangilio huo unasafiri nami, na seva haina habari nao. Perl, lugha ya programu, inalalamika kwamba imeshindwa kuweka lokeli (mpangilio wa lugha na herufi), inarudi kwenye "C", ile lokeli ya msingi, kazi inaendelea. Kila fundi niliyemuuliza hapa Mbeya dawa yake ni moja: weka en_US (Kiingereza cha Marekani), yaishe. Na en_US nayo ikikosekana kwenye konteina (mfumo mdogo uliofungashwa) iliyopunguzwa uzito? Onyo ni lile lile.

Msimamo wangu: lugha ya ujumbe ikikosekana, zana ya kujenga programu iseme mara moja tu, itaje jina la lokeli iliyokosekana, kisha iendelee kwa Kiingereza. Hilo halimuui mtu. Ila usimbaji wa herufi (namna herufi zinavyogeuzwa namba) usishuke kutoka UTF-8, inayobeba herufi za lugha zote, hadi ASCII yenye alama 128 tu. Hapo ndipo tunapoumia, na sisi tunachelewa kushtuka kwa sababu Kiswahili karibu chote kinaenea kwenye zile alama 128. Subiri mtu aandike ng’ombe kwa simu. Ritifaa ile iliyopinda siyo ya kibodi. Ni baiti tatu za UTF-8, na ASCII haina hata moja kati ya hizo. Faili lililojengeka vizuri Uyole linagoma kwenye seva, nawe unakesha ukisaka kosa kwenye msimbo usio na kosa.

Python tangu toleo la 3.7 ikijikuta kwenye C huhamia C.UTF-8 (C yenye UTF-8) yenyewe. Java tangu toleo la 18, mwaka 2022, chaguo-msingi lake ni UTF-8. Wengine wanangoja nini?

Wa Mafinga: Kamwene mkuu. Mimi nasema isimame kabisa. Onyo nani anasoma? Halafu umeruka upangaji wa majina kwa alfabeti: kwenye C "Zana" inatangulia "asali", kwenye en_US ni kinyume. Orodha ya faili ikigeuka, programu inaweza kutoka tofauti, na skrini haikuonyesha kosa lolote.

Wa Uyole: Hoja nzito, ila upangaji hata haukupaswa kutegemea mashine yangu. Wanaotaka vifurushi vitoke sawa kila vinapojengwa huweka LC_ALL (kigezo kinachoamua lokeli yote) wenyewe kabla ya kuanza. Zana nayo ijiwekee. Lokeli yangu ibaki ya kuongea na mimi. Ukisimamisha kazi, anayeumia ni mwanafunzi aliyechagua Kiswahili.

Wa Njombe: Si mumwambie msimamizi wa seva aendeshe locale-gen (amri ya kuongeza lokeli)? Dakika haifiki.

Wa Uyole: Seva ya kukodi, ndugu yangu. Sudo (ruhusa ya msimamizi) sina.

Wa Mafinga: Upangaji nakubali. Lakini wengi wakiweka LC_ALL wanaweka C tupu, ambayo ndiyo hiyo ASCII unayoikimbia. Unataka C.UTF-8, na glibc yenyewe, maktaba ya msingi ya Linux, imeipokea rasmi kwenye toleo la 2.35, mwaka 2022. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, walikuwa nayo mapema, sawa. Seva kuukuu zisizo nayo, zana yako itafanyaje kama haitasimama?